Kiti cha Mzazi

Noelene Garrity alizaliwa Armidale, mji wa chuo kikuu huko Australia, na maisha yake yote aliuona mji ule ukijaa na kumwagika. Mwaka wa masomo ukianza, wanachuo wanaingia na magodoro juu ya magari. Ukiisha, mitaa inabaki na wazee na mbwa wao. Tangu mumewe afariki, alikuwa akipangisha chumba cha uani. Wapangaji wa mwanzo aliwapenda kama wanawe, akawaokea keki, akawalilia walipoondoka. Hakuna aliyerudi hata kumjulia hali. Basi akajiwekea sharti: mpangaji ni mpangaji, kila mtu na mlango wake.

Ndipo akaja Temaleti, msichana kutoka visiwa vya Tonga aliyesomea uuguzi. Huyo hakuwa na habari na masharti. Aliingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria.

"Mama, hii supu ya boga umeipika au umeiogesha? Haina chumvi kabisa."

"Mimi si mama yako. Na chumvi inapandisha presha."

"Presha naisomea mimi. Lete chumvi."

Noelene aligeukia dirishani asionekane anacheka.

Mwaka wa mwisho, mahafali yalipokaribia, wazazi wa Temaleti walinyimwa viza. Jioni moja alikuja jikoni, na safari hii alibisha hodi.

"Nimepewa kiti cha mzazi. Ningependa ukikalie wewe."

Noelene alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Siku hiyo nina shughuli. Mpe rafiki yako yeyote."

"Shughuli gani, Mama?"

"Shughuli zangu."

"Haya," Temaleti alisema, na hakutania.

Shughuli haikuwepo. Siku yenyewe Noelene aliosha madirisha yaliyokuwa safi, mpaka moyo ukamshinda. Akavaa koti lake la kanisani, akaendesha gari hadi chuoni. Alikuta watu wameshatoka ukumbini, wanapigana picha juu ya majani ya njano yaliyopukutika. Temaleti alikuwa ndani ya joho, shada la maua shingoni. Mama wa mwanafunzi mwenzake alikuwa amemshika bega, mtu ambaye Temaleti hata hajuani naye, na wote wawili wanatabasamu.

Kumfikia ilikuwa kuvuka uwanja tu. Noelene aliona haya, akarudi garini.

Wiki ile ile Temaleti akaondoka. Kazi ilikuwa inamngoja Auckland, New Zealand. Alimkumbatia mwenye nyumba wake mlangoni, akamshukuru vizuri.

"Ubaki salama, Bibi Garrity," alisema.

Noelene alitaka kumwambia kwamba alikwenda, kwamba alimwona na joho lake. Akasema, "Uangalie barabarani."

Mpangaji aliyefuata aliitwa Callum, kijana mpole aliyesomea kilimo. Jumapili yake ya kwanza Noelene alichoma nyama ya kondoo, akaandaa meza kwa watu wawili.

"Karibu tule, Callum."

"Asante, nimeshakula," akajibu, akaufunga mlango wake taratibu.

Noelene alikula peke yake. Jumapili iliyofuata alimkaribisha tena, na kijana akajibu vile vile, kwa adabu ile ile.