Kawa Mbili za Shakirah

Alasiri ya Alhamisi, wanawake wa kusuka walikuwa uani kwa Hawah, mjini Koboko, wakichovya ukindu kwenye rangi. Shakirah aliinua mikono kushusha ungo kutoka juu ya kichanja. Blauzi yake ikapanda, na chini ya mbavu, pande zote mbili, ngozi yake ilikuwa angavu kama chimni ya taa. Figo zilionekana. Juu ya kila figo palikuwa na tezi ndogo ya manjano, na ndani ya tezi vifuko vingi, vidogo kuliko mbegu za simsim. Pembezoni mwa kioo hicho ngozi ilikuwa ya kawaida, isipokuwa alama za kuchapwa mkanda.

“Wewe sasa iko kama duka la Arua,” akasema Mama Akram. “Bidhaa yote kwa kioo.”

Wakacheka kidogo. Hawah akamwambia asogee mbali na moto, maana rangi nyekundu ilikuwa inachemka.

Ndipo pikipiki ya Asumani, mume wa Shakirah, ikasikika barabarani. Vifuko vikaanza kupasuka, kimoja baada ya kingine, kwa mlio wa simsim kwenye kikaango. Ungo ukamponyoka Shakirah, ukaanguka. Pikipiki ikapita kwenda kwenye mashine ya kusaga, na vifuko vikatulia. Wanawake wote walikuwa wametazama. Kwa muda mrefu walikuwa wakijua kwa masikio, kupitia ukuta. Siku hiyo walijua kwa macho.

Asumani alikuwa mtu mwema kwa mtaa. Mwezi wa Ramadhani uji wa kufuturu ulitoka kwake. Mume wa Hawah alipofariki, mvua ilikuwa imejaza kaburi tope, na Asumani ndiye aliyeshuka ndani na kanzu yake nyeupe kumpokea maiti.

Hawah alimpeleka Shakirah Arua kwa muuguzi aitwaye Sandra. Sandra hakuhitaji mashine, alichuchumaa akatazama. Akaeleza kwamba kwenye seli za tezi ile iko homoni ya hofu, na iko protini ambazo kazi yao ni kuihifadhi. Zinaikusanya, zinaishindilia pamoja na chokaa ya mwili, zinaifungia kwenye vifuko ili isivuje ovyo. Bila hizo protini hofu ingetiririka mchana na usiku, na mtu asingeweza kushika hata kikombe.

“Wewe si mgonjwa, dada,” akasema. “Wafungaji wako wanafanya kazi vizuri sana. Kinachowaita ndicho kibaya.”

Shakirah akauliza kifuko kikipasuka hao wafungaji wanabaki wapi.

“Hawabaki. Mzigo ukitoka, wao pia wanatoka pamoja nao, mpaka kwa damu. Ukipima damu unawakuta.”

Njiani kurudi Shakirah alisema anataka kwenda kwa mama yake, kijijini Lurujo, akalime, na watoto awe nao. Mara mbili alikwisha kuwaomba wazee wa mtaa ruhusa ya kumwacha Asumani, na mara mbili waliuliza shahidi yuko wapi. Sasa mashahidi walikuwepo, uani mzima. Hawah akamwambia, inshallah.

Wazee walikutana barazani kwa Mzee Tahiru. Tahiru alisema amesikia habari za kioo na haoni sababu ya kuzikataa, Mungu huumba apendavyo. Ila kiuno cha mke wa mtu hakitazamwi na wanaume. Waliotazama ni wanawake, basi wanawake waseme.

Asumani aliingia, akasalimia kila mmoja kwa jina, akamuuliza Hawah hali ya mguu wake. Chini ya nguo ya Shakirah mlio ukaanza.

“Nani anakaanga simsim saa hii?” akauliza Tahiru.

“Ni kwa jirani, Mzee,” akasema Mama Akram.

Tahiru akamgeukia Hawah. Yeye ndiye mkubwa wa wale wanawake, na ndiye huwasomesha Qurani. Shakirah naye akamtazama. Hawah aliiona ile kanzu nyeupe ndani ya tope. Akakunja ncha ya mtandio wake.

“Mimi nilikuwa kwa kazi, Mzee. Macho yangu iko kwa ukindu.”

Wengine nao macho yao yalikuwa kwa ukindu. Tahiru akasema bila shahidi hana njia, mke arudi nyumbani na mumewe. Asumani akawashukuru wazee. Kwenye ngazi akamshika Hawah mkono, amsaidie kushuka, na Hawah akauacha mkono wake ushikwe.

Wiki iliyofuata wanawake walisuka kawa mbili ndogo, nyekundu na kijani na zambarau, kama zile za kufunikia chakula cha bwana harusi. Hakuna aliyesema ni za nini. Hawah alipima kwa kiganja chake, mbavu hadi nyonga, huku ameangalia pembeni. Akazifunga kwa utepe chini ya nguo za Shakirah, moja kushoto, moja kulia.

Shakirah alisema neno moja tu. “Kaza, Mama.”

Hawah akakaza.

Mpaka leo Alhamisi wanasuka pale pale. Siku za darsa, wakifika kwenye aya ya kutoficha ushahidi, Hawah huingiwa na kikohozi, na wanafunzi humngoja, kisha husoma inayofuata. Pikipiki ikipita, mlio wa simsim husikika, lakini kwa mbali, kama wa jiko lililofungwa mlango. Wanawake huinua sauti za kumswalia Mtume mpaka uishe. Kisha Hawah humuuliza Shakirah kama kawa bado zinashika vizuri.

Shakirah husema zinashika.

Mama Akram humsogezea ukindu mwekundu.