Kodi ya Betri Ndogo

Ofisini walimwita Betri, naye hakuchukia. Jina alilipata mwaka alipobuni kodi ya betri ndogo: mapato yakaingia, wapiga kelele wakakosekana, akapanda kutoka afisa wa kawaida hadi mkuu wa kitengo cha sera za kodi. Hakuna aliyekumbuka, hata yeye, kwamba betri hizohizo ndizo zinazoendesha vifaa vya masikioni vya watu wasiosikia vizuri.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemkumbusha. Alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemsomesha kwa cherehani. Siku hizi kifaa chake cha sikioni alikitumia kwa kubana matumizi: mteja akiingia anakiwasha, akitoka anakizima, maana betri zimekuwa ghali. Wengine walichoka kumsubiri apapase sikio, wakahamia kwa fundi wa jirani. Hakujua kodi hiyo ilitungwa na nani. Alijua tu kwamba mdogo wake yuko hukohuko kodi zinakotoka.

"Waambie wenzako," alimwambia. "Wewe wanakusikiliza."

Akaahidi.

Kikao cha kupitia misamaha ya kodi kiliongozwa na kamishna, mzee aliyekaribia kustaafu na asiyeficha kwamba kiti anamwachia Betri. Walipofika kwenye betri, kamishna alicheka, akasema hapo mwenye mali ajieleze mwenyewe. Betri akasimama. Alisema ana ndugu anayeguswa na jambo hilo, hivyo kwa mujibu wa kanuni anatangaza maslahi na kutoka nje. Kanuni ilisema hivyo kweli. Iliruhusu pia anayetoka awaachie wanaobaki maelezo ya kitaalamu. Hakuacha. Maelezo yoyote ya kweli yangeanza kwa kusema nani alikosea.

Alisimama kwenye korido, akisikia vicheko kupitia mlango, na kwa muda mfupi alijiona mtu safi. Alipoitwa ndani, walikuwa wameshafika kwenye matairi. Betri hazikuzungumzwa; aliyezijua alikuwa nje. Kamishna alimpigapiga begani, akawaambia wengine wajifunze uadilifu kwa huyu. Uso ulimwaka hadi jioni.

Jumamosi alikwenda dukani kwa dada yake. Alipomwona, dada alikiwasha kifaa.

"Enhe, wamesemaje?"

"Sikuruhusiwa kuongea. Ni utaratibu, dada. Mtu hasemei jambo la ndugu yake."

"Basi lisemewe na nani, wasionijua?" Alikata uzi kwa meno. "Na huyo aliyeitunga hiyo kodi, yeye hana ndugu?"

Angeweza kunyamaza, na swali lingepita.

"Anao," alisema. "Niliitunga mimi."

Cherehani ikasimama. Dada alimtazama bila hasira, kama atazamavyo kitambaa alichokikata vibaya mwenyewe. Betri akaanza kueleza: mapato, kanuni, bajeti ya mwakani. Alikuwa hajafika mbali dada yake alipopeleka kidole sikioni, akakizima kifaa, akaendelea kushona.