Ndagala Waliomgeukia Aruna

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje ya chumvi, paa langu livuje masika yote.

Mwaka wa Uhuru, pale Rumonge, Esha alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mikeka ufukweni. Mwanawe Aruna, wa miezi saba, alilala chali kwenye kitenge. Watoto wa umri ule hujipindua, Aruna hakujipindua. Alikunja kidole kimoja, na ndagala wote wa Rumonge wakageuka upande wa pili kwa pamoja. Ilikuwa kama saa nne.

Jirani yake, Mwavita, alikunja uso.

“Mama Aruna, mwambie mutoto angoje! Wangu bado wabichi juu.”

“Samaki anawageuza, dada. Mwili wake mwenyewe hapana.”

“Usitafute shida. Leo migongo yetu imepumzika.”

Lakini mgongo wa Esha ulikuwa na habari yake. Mtoto akibebwa hubana kwa magoti. Huyu alining’inia kama mfuko wa mihogo. Akivutwa mikono aketi, kichwa kilibaki nyuma.

Akampeleka zahanati. Karani wa mizani akaandika uzito.

“Kilo nane. Mutoto iko muzima. Mwingine!”

“Kaka, ngoja nikueleze anavyo…”

“Karatasi iko na nafasi ya kilo tu, mama.”

Ndagala waliokuwa kikapuni mwa Esha wakageuka. Karani aliwaona, hakuwaandika.

Esha akarudi ufukweni na sharti: anayegeuziwa samaki, naye amgeuze Aruna. Wanawake wakaona ni haki. Kila asubuhi walipokezana: nyonga kwanza, kisha bega, polepole, maana akiharakishwa alilia na samaki wakasimama kwa mikia. Alipotimiza miezi kumi na moja, Aruna akajipindua peke yake. Siku hiyo ndagala hawakutikisika. Wanawake wakainama, wakawageuza kwa mkono, wakinung’unika na kupiga vigelegele.

Alitembea alipotaka, akasema alipotaka. Leo anashona nyavu Minago. Hapendi kushikwa bega, na fundo lake halifunguki. Wataalamu wa siku hizi wanasema ulegevu wa namna ile kwa mtoto mchanga huenda ukawa dalili ya usonji, huenda usiwe. Mama asikilizwe mapema. Karatasi za mizani nimeziona juzi. Bado zina nafasi ya kilo tu.

Hadithi hii nilimsomea Esha mwenyewe, uani kwake, nikitegemea sifa.

“Ndagala wa Rumonge wote?” akasema. “Ulikuwa mkeka mmoja, mzee. Na huyo karani, mbona umemnyima jina?”

Nikakohoa.

“Kohoa tu. Sura yako naikumbuka.”

Nikamuuliza faini yangu ni nini. Akanisogezea kigoda.

“Keti. Andika. Mwezi wa kwanza, nikimnyonyesha, mkono wake wa kushoto…”

Adhana ya magharibi ilitukuta bado tuko mwezi wa tatu.