Uzi wa Ajmer

Keyur, mwana wa pekee wa kiume wa Pramila, alianguka kazini mwezi wa pili, na jioni ile ile akafariki. Tangu hapo duka lao la vitambaa pale Kenton, ughaibuni, halikufunguliwa. Mama alishinda jikoni, chai ikipoa mbele yake, akiwaza safari moja tu.

Keyur alipokuwa mdogo, figo zilimsumbua hata madaktari wakakata tamaa. Pramila, Mhindu mzaliwa wa Moshi, alimbeba mpaka Ajmer, nchi ya mababu zake, kwenye kaburi la walii ambaye watu wa kila dini humwendea. Akafunga uzi mwekundu kwenye ukuta wa marumaru wenye matundu, akaweka nadhiri: mtoto akipona, atarudi kuufungua. Mtoto akapona. Pramila akashikwa na kazi za duka, miaka ikapita.

"Nilipewa, sikurudi hata kushukuru," alimwambia Rajab, jirani yake kutoka Tanga. "Ndiyo maana amechukuliwa."

"Usiseme hivyo, Mama Keyur." Jina lile lilimuuma Rajab kulitamka, lakini hakuwa na jingine la kumwita.

Daktari wa moyo alimkataza Pramila kupanda ndege. Basi Rajab, aliyekuwa anampeleka kaka yake Jaipur, mji wa jirani na Ajmer, kufanyiwa upasuaji, akaahidi kupitia Ajmer kwa niaba yake.

Jumapili asubuhi, mvua ikipiga madirisha, Rajab akapiga simu ya video kutoka kaburini. Bhavna, bintiye Pramila, ndiye aliyeishika simu. Ukuta ukaonekana, umejaa nyuzi hadi marumaru haionekani.

"Wako hatutaupata, mama," Rajab alisema. "Za zamani huondolewa. Wanasema aliyejibiwa hufungua wowote ule."

"Basi fungua wowote."

Rajab akashika uzi wa manjano, mpya kabisa. Nyuma ya Rajab, Pramila akamwona mwanamke aliyebeba mtoto begani, kichwa cha mtoto kimelegea, uzi wake ameuuma kwa meno akisubiri nafasi.

"Rajab, acha!"

"Kuna nini?"

"Huo ni wa mtoto wa mtu. Huenda bado mgonjwa. Uache."

"Sasa walii nimwambie nini?"

Pramila akaisogelea simu. "Mwambie Keyur alisoma akamaliza. Alipenda ndizi za kukaanga. Alicheka kama baba yake. Mwambie miaka yote hiyo niliipata, sikusema asante."

Rajab akaegemeza paji la uso ukutani, akayasema yote kwa Kiswahili, polepole, bila kuruka neno.

Simu ilipokatika, Pramila hakujisikia amesamehewa. Nyumba ilikuwa tupu vile vile. Lakini alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, akalia mpaka mchana, na Bhavna hakumnyamazisha.