Fyuzi ya Mwisho ya Egidi

Fyuzi ya kwanza ilifariki padre akiwa bado hajakunja stola. Alikuwa ametoka kuinyunyizia maji ya baraka mashine mpya ya Egidi ya kusaga nafaka, kwa busara, mbali na swichi. Egidi akawasha, mota ikaguna kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu, kisha pa! Kimya. Ya pili ikamfuata marehemu kabla vigelegele havijaisha.

Egidi akakimbilia dukani kwa Ilyasi, muuza vifaa vya umeme hapo Mbinga mjini, amezibeba maiti hizo za kauri kiganjani.

"Umeniuzia mbovu!"

"Si mbovu, zina haraka," Ilyasi alisema akizigeuzageuza. "Mota ikiamka huvuta umeme mwingi kwa pumzi moja, halafu hutulia. Hizi hazingoji. Wewe unataka zile zinazochelewa kukatika. Kwa macho ni mapacha."

"Basi nipe hizo."

"Ziko Dar. Soko huria, ndugu yangu: kila kitu kipo, ila unachokitaka." Akampa moja, ya haraka, ya mwisho dukani. "Na usiweke waya badala ya fyuzi. Waya hautakatika, itaungua mota."

Mota ile ilikuwa ng'ombe wote wa Egidi, waliobadilika umbo. Aliporudi, akina mama walikuwa wanajitwika vikapu vya mahindi wavuke barabara, kwenye mashine ya dizeli ya Cuthbert. Wakishavuka leo, wangerudi kufuata nini?

"Shikamoo, bibi," alimwambia Bibi Vitalia, aliyekuwa mbele.

"Marahaba. Limekufa tena?"

"Linashindwa kuanza tu, bibi. Likishaanza halina neno."

"Si tulianzishe? Hata gari la misheni tunalisukuma."

Egidi akaichomeka ile fyuzi ya mwisho. Akina mama wakaushika mkanda wa mashine, wakavuta kwa kupokezana, wakitaniana kwa Kimatengo, gurudumu likashika kasi.

"Achieni!"

Egidi akawasha amefumba macho kama anayepokea komunyo. Mota ikaguna, ikasita, ikaimba. Unga ukamiminika. Hakuna aliyethubutu kuizima. Vikapu vilifuatana, na Egidi, mwenye nyusi nyeupe kwa unga, akaanza kuitikia salamu kama mtu mwenye mashine.

Ndipo umeme ukakatika mji mzima.

Alizima swichi, akaichomoa fyuzi, akaiinua juani. Kauri haionyeshi kitu. Huenda uzi wa ndani ulikuwa mzima; huenda ulikuwa umebaki unywele. Akairudisha taratibu, kama anayelaza mtoto.

Redio ya kinyozi jirani ikaanza kuimba. Umeme umerudi. Akina mama hawakungoja kuambiwa; waliudaka mkanda, na vikapu vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko vilivyosagwa.

"Baba Nicholaus!" Bibi Vitalia alimwita Egidi kwa jina la mwanawe, akihema. "Mikono inaungua! Tuachie?"

Mkono wa Egidi ulikuwa juu ya swichi. Haukuwa ukifanya lolote.

"Tuachie, baba?"