Panya Kwanza, Binadamu Baadaye

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto ya kazini, na sijaipenda.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Naosha vizimba vya panya wa utafiti, nabadilisha maranda, nawapima uzito kila asubuhi. Wanachomwa sindano ya peptidi, dawa ya kutengenezwa maabara inayoyeyusha mafuta mwilini. Nimewaona wakikonda kwa macho yangu. Ndiyo maana juzi niliiba kichupa kimoja nikampelekea mke wangu, Asteria, nikamwambia nimepewa. Gauni lake la harusi ya binti yetu limegoma kufungika. Alisema atajichoma leo asubuhi.

Hayo ni ya kweli. Ndoto inaanzia kwenye mizani.

Naweka panya, mizani inasema, "Huyu sawa. Sasa panda wewe."

Ni ndogo kama kisahani cha kikombe, lakini naenea.

"Kilo sabini na mbili," inasema, "na gramu nane ambazo si zako."

"Za nani?"

"Usiniulize. Mimi napima tu."

Mlangoni pamebandikwa karatasi: PANYA KWANZA, BINADAMU BAADAYE. Nageuka, naona foleni. Panya wamesimama kwa miguu miwili, watu wako nyuma yao. Asteria yuko mbele ya wote, kavaa gauni, zipu wazi mgongoni, sindano mkononi.

"Mama, umeruka foleni," panya mmoja anamwambia.

"Mume wangu anafanya kazi hapa."

"Na sisi tunaishi hapa."

Mara tuko ukumbi wa harusi. Panya wamekaa meza kuu. Mmoja ananivuta suruali.

"Mzee Lugendo, umetuona tumekonda, ukaridhika?"

"Mafuta si yamekwisha?"

"Yamekwisha. Ini je?"

"Sijui."

"Hata sisi hatujui. Tunapasuliwa Ijumaa, ndipo maini yatasomwa. Shemeji yetu yeye atasomwa lini?"

Nataka kumwita Asteria, mdomo umejaa maranda. Yeye anasugua paja kwa pamba, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Wageni waalikwa," panya mwenye kipaza sauti anatangaza, "sindano inaingia sasa. Makofi tafadhali."

Ukumbi mzima unapiga makofi.

Natema maranda. "Kichupa niliiba mimi! Niandikeni mimi, yeye mwacheni!"

Mwenye kipaza sauti anafunua daftari.

"Tuko thelathini. Nafasi moja ipo. Lakini lazima utiwe alama."

"Tia."

Anachukua koleo dogo tunalotobolea panya masikio ili tuwatambue kwa namba, tundu la juu kumi, la chini moja. Linalia kach, kach.

Nikaamka. Kumekucha. Asteria alikuwa ukingoni mwa kitanda, khanga imepandishwa pajani, sindano imeshajazwa.

"Usijichome," nikasema. "Sikupewa, niliiba. Hata wenye dawa hawajui itafanya nini kwenye ini."

"Makubwa! Na gauni je?"

"Fundi aongeze kitambaa."

Nilijua matusi yanakuja, na ni haki yangu. Badala yake aliweka sindano chini, akanishika kichwa, akakigeuzia dirishani.

"Lugendo, nani kakutoboa sikio?"

Nilikwenda kwenye kioo. Matundu matatu juu, moja chini, makavu, bila damu. Alama hizo nazisoma kila asubuhi, sihitaji kuuliza mtu.

Thelathini na moja.