Mstari wa Chini

Jumamosi alasiri Katibu aliketi kwenye meza ya nyuma ya kanisa, kando ya spika, akichapa maneno ya ibada ya kesho juu ya kurasa za kijani. Kanisa lilirusha ibada mtandaoni kila wiki, lakini halikumudu programu ya kuweka maandishi, na zile za bure zilibandika tangazo lao usoni mwa mchungaji. Fundi wa picha, ambaye siku nyingine hutengeneza simu, akapata njia: andika kwenye ukurasa wa kijani, mashine ifute kijani, herufi zibaki chini ya picha. Kompyuta ilikuwa imetupwa na shule ambako Katibu alistaafu. Kitufe cha herufi K kilishang'oka, pakagundishwa kifungo cha shati.

Alichapa: "Wimbo wa tatu. Mtunzi: Mwalimu wa Kwaya." Akahifadhi, akaenda nyumbani alikoishi na mdogo wake, mfagiaji wa kanisa hilohilo.

Jumapili, wimbo wa tatu ulipoanza, kwenye skrini palisomeka maneno ambayo Katibu hakuyachapa: "Mtunzi: mfagiaji wa kanisa hili. Aliutunga akipiga deki, wiki aliyomzika mumewe."

Fundi alikagua nyaya, akazikuta salama, akaendelea. Waliokuwa wakitazama nyumbani walituma Amina zao, na mmoja akalalamika kwamba sauti iko chini. Baada ya ibada Mwalimu wa Kwaya alikuja kuangalia rekodi, akaitazama mpaka mwisho.

"Hii bluu ya maandishi haiendani na sare zetu," alisema. "Wekeni nyekundu."

Wakaweka nyekundu. Jumapili iliyofuata maandishi yalisema kwamba nyimbo zote kumi na moja ni za mfagiaji. Mzee wa kanisa aliomba herufi zikuzwe kidogo, maana macho yake si ya jana. Zikakuzwa. Kusema kweli hapakuwa na habari mpya: akina mama wa kwaya walizisikia nyimbo hizo kwa mfagiaji, naye ameshika fagio, kabla Mwalimu hajazipangia sauti. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na miaka kumi na tisa na bado ilikuwa inapitika vizuri.

Mwezi ule kanisa lilikuwa likiandaa kitabu cha nyimbo, na orodha ya watunzi ilikuwa kwa Katibu. Jioni moja mdogo wake alisema huku akikunja nguo, "Dada, kwenye skrini maneno yanapita tu. Kitabuni yatakaa. Na mjukuu wangu ameanza kusoma."

Hakuwahi kuomba kitu kingine. Katibu alikwenda kwa Mchungaji asubuhi yake.

"Maandishi nimeyasoma, na yamenibariki," alisema Mchungaji. "Lakini skrini ni ya Mungu, dada yangu. Kitabu ni cha kamati, na kamati imeshapitisha. Wewe andika kama tulivyozoea."

Katibu alirudi mezani akaandika kama walivyozoea. Mara kumi na moja kidole chake kilikwenda kwenye kile kifungo cha shati, na mara zote kumi na moja aliona aibu, lakini aibu haikumzuia. Miaka kumi na tisa nyuma, Mwalimu alipomletea karatasi ya wimbo wa kwanza auchape kwa jina la Mwalimu, Katibu aliona aibu hiyohiyo. Wakati ule alijiambia hataki ugomvi kanisani.

Siku ya kuzindua kitabu kanisa lilijaa. Mwalimu wa Kwaya alipigiwa makofi, akainama. Fundi akaizungusha kamera taratibu ipite juu ya watu wote, mpaka ikafika kwenye meza ya nyuma. Katibu alijiona kwenye skrini, miwani imemteremka puani, na chini yake herufi nyekundu: "Dada yake mkubwa. Aliusikia wimbo wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Ndiye aliyechapa jina la"

Fundi aliiacha kamera hapohapo, akisubiri sentensi iishe.

Mfagiaji alikuwa kwenye benchi la mwisho, hatua mbili tu kutoka mezani, kitabu kipya mapajani. Aliisoma skrini pole pole, kisha akamwinamia dada yake.

"Dada, maneno yamekatika," alinong'ona. "Yapunguze, yaenee."

Katibu alipandisha miwani. Alipunguza herufi mara moja, hazikutosha, akapunguza tena, mpaka mstari wote ukaingia. Mdogo wake aliusoma hadi nukta, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa.

Mwalimu wa Kwaya akainua mikono, wimbo wa tatu ukaanza. Mfagiaji alifungua kitabu kwenye ukurasa wake, akaimba pamoja na wengine.